Kidole Gumba cha Watu Arobaini na Mmoja

Sehemu ya sita

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kwamba mtu kama mimi hafai kupewa ukurasa wa gazeti, anafaa kupewa kamba. Nimeisoma barua yake mara mbili. Namwomba avumilie hadi mwisho wa safu ya leo, kwa sababu hoja yake itazidi kupata nguvu.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mimi nilikuwa mwandikishaji wa bima ya afya ya taifa. Nilikabidhiwa mashine yenye kioo kidogo cha kusoma alama za vidole, nikatumwa kwenye machimbo ya mawe niwaandikishe wapasua mawe na wagonga kokoto. Mashine ikawakataa. Mtu aliyeshika nyundo na mawe miaka ishirini vidole vyake vimelika, havina mstari hata mmoja. Ofisini wakaniambia wanataka idadi, hadithi nibaki nazo mwenyewe. Basi kila kidole kilipokataliwa, niliweka changu. Kidole gumba cha mkono wa kulia, kwenye kadi za watu arobaini na mmoja.

Tuliishia pale mhunzi wa machimboni, tuliyemwita Sitaki, alipofika kwangu asubuhi na nyundo mkononi.

Sitaki si jina lake. Tulimpa kwa sababu kila mkutano wa bima alisimama na kuanza na neno hilo. "Sitaki. Nalipa kodi ya kibanda, nalipa ada ya leseni, nalipa ushuru wa makaa, na sasa nilipie na ugonjwa nisioumwa?" Nami nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia analipia jirani anayeumwa leo, na kesho jirani atamlipia yeye, na huo ndio uraia. Nilipigiwa makofi. Yeye na mkewe wakawa wa mwisho kuandikishwa, na ni hotuba yangu iliyowaleta.

Komeo la mlango wangu lilihimili mapigo mawili. Pigo la tatu lilipasua mbao. La nne lilikuwa la ngumi, na lilikuwa langu.

Nilianguka juu ya jiko, chai ikanimwagikia mapajani, na kabla sijapiga ukelele Sitaki alikuwa ameshanikalia kifuani.

"Kidole cha nani kiko kwenye kadi ya mke wangu?"

"Sitaki, tuongee kwanza."

Akanipiga mdomoni. Jino likalegea, nikawa nalisukuma kwa ulimi huku namtazama.

"Nimekuuliza kitu chepesi, karani. Tangu alfajiri tumbo linamkata. Hospitali wanasema mimba imetunga nje ya kizazi, apasuliwe leo hii hii. Wanamwekesha kidole, mashine inasema si yeye. Mke wangu, niliyezaa naye mapacha, mashine inasema si yeye. Bila kadi wanataka amana ambayo sijawahi kuiona kwa macho. Kidole cha nani?"

"Changu," nikasema.

Nilidhani ukweli ungenipunguzia kipigo. Alininyanyua kwa ukosi wa shati, akanibamiza ukutani mara tatu, bila haraka. Ubavu mmoja ukalia. Nililia, siwafichi. Nilimwomba kwa ajili ya wanawe, nikawataja mmoja mmoja, na hapo ndipo mikono yake ilipolegea.

"Ukiweka wewe, atatibiwa?"

"Atatibiwa."

"Basi inuka. Na uzimie njiani uone."

Nje, Mama Pacha alikuwa amelazwa ndani ya mkokoteni wa kubebea patasi, juu ya magunia, magoti ameyakunja hadi tumboni. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alinitazama damu inanichuruzika kidevuni, akajitahidi kutabasamu.

"Karani, umeamkaje?"

Sijawahi kuona aibu ya namna ile maishani, na nimeshapita kwenye aibu nyingi, nyinyi mnazijua.

Sitaki akashika mbele, mimi nikasukuma nyuma. Njia ya hospitali inapita getini mwa machimbo, na Sitaki kwa hasira zake za asubuhi alikuwa ameshawaeleza wenzake kila kitu. Tulipofika walikuwa wamesimama barabarani, thelathini au zaidi, na hakuna aliyekuwa mikono mitupu.

"Mgonjwa apite," Sitaki akasema.

"Kila mtu ana mgonjwa," akajibu mama mmoja mgonga kokoto. Akanisogelea. "Mimi nina presha, karani. Kwenye kadi yangu ni kidole cha nani?"

"Changu, mama."

Akanitemea mate usoni. Kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yake kumpisha, kama wapangavyo foleni. Mmoja mmoja waliuliza swali lilelile, na mmoja mmoja nikawajibu, na kila jibu lilikuwa na malipo yake: kofi, teke, kiwiko mgongoni. Kufikia wa saba nilikuwa nimepiga magoti.

Dada yangu alikuwa miongoni mwao, na mumewe kando yake. Hao wawili niliwaandikisha kabla ya wote. Dada hakuniuliza kitu, alinitazama tu na kikombe chake cha kugongea kokoto, nacho ni kipande cha mpira wa tairi cha kuzuia jiwe lisirukie macho, kikiwa bado kimemning'inia kidoleni.

"Twende naye polisi," akasema dereva wa lori.

"Polisi watafunga kadi zetu zote," mwingine akamjibu, "na mchango wataendelea kuukata."

"Hilo ndilo linaloniuma," yule mama wa presha akasema. "Lori la kokoto likitoka getini wanakata. Hapo hakuna anayeuliza kidole. Kidole kinatakiwa siku ya kutibiwa."

"Basi tugome. Kodi, mchango, ushuru, tusilipe hata kimoja."

"Mkigoma, hospitali hiyo mnayoililia itaendeshwa na nini?" Huyo alikuwa Shemeji. Ni mtu anayedai risiti hata akinunua kiberiti. "Kosa ni la huyu shemeji yangu na ofisi yake. Tumdai haki, lakini tusibomoe nyumba kwa sababu ya mwizi mmoja."

"Kaa kimya wewe, ni wa kwenu."

"Ni wa kwetu, na nimesema ni mwizi. Unataka nini zaidi?"

Mama Pacha akapiga ukelele mkokotenini. Sitaki akanishika kwapa aninyanyue tuendelee, watu wanne wakamsukuma mbali nami. Ndipo mpasua mawe mmoja, mtu mkimya ambaye sikuwahi kusikia sauti yake hata siku ya kumwandikisha, akasema, "Kama ufunguo ni kidole, ufunguo ubaki hapa."

Nilidhani ni mzaha. Nilikuwa peke yangu katika kudhani hivyo.

"Akae nacho nani?" mtu akauliza.

"Mweka hazina."

"Mweka hazina alishakula michango ya misiba miwili. Huyo atakitafuna na mfupa."

"Basi kikae dukani, kwenye friji ya soda. Mwenye mgonjwa anakuja, anasaini, anachukua, anarudisha."

Walijadiliana hivyo, kwa utaratibu kabisa, kuliko mkutano wowote niliowahi kuuitisha mimi. Walikuwa tayari wameninyoosha mkono wa kulia juu ya jiwe la kuchongea. Mmoja alikanyaga kiwiko changu. Yule mkimya akaweka patasi kwenye kiungo cha kidole, akaisogeza kidogo kushoto, akaisogeza kidogo kulia, kwa maana ni fundi na hapendi kurudia kazi. Nilikojoa. Niliwaahidi nitakuwa kila siku getini kuanzia asubuhi hadi jioni, wanitumie watakavyo, wanifunge kamba kama mbuzi. Hakuna aliyenisikiliza.

"Mashine imekataa vidole vyenu vikiwa hai," dada yangu akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa amekuja akasimama juu ya jiwe, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, mimi katikati.

"Vina damu, vina joto, na imevikataa. Hicho mtakachokitoa kwenye friji, kimekauka na kimenyauka, ndio itakikubali? Mtakuwa mmemkata na kadi zenu mmezikata. Fikirini basi, watu wazima nyie."

Patasi ikabaki palepale, lakini nyundo ikashuka. Nikaona watu wanatazamana. Nikaanza kupumua.

Hapo ndipo Nyapara alipopenya katikati. Nyapara ndiye anayesimamia machimbo yote kwa niaba ya mwenye kibali, na siku zote ana shati lililopigwa pasi.

"Msibishane," akasema. "Huyu ni tapeli, katudanganya sote kwa siri. Mfungeni, nitampeleka mwenyewe panapohusika."

Wasomaji wangu, ningenyamaza ningefika hospitali na mikono yote miwili mizima. Lakini neno lile, kwa siri, lilinichoma.

"Siri gani, Nyapara?" nikasema kutoka chini. "Si ulikaa na mimi meza moja? Si wewe uliyekuwa unaniitia majina? Uliniona nikiweka kidole mara ya kwanza, ukaniambia fanya haraka, bosi hapati kibali kipya mpaka wafanyakazi wote wawe na bima."

Yule mama wa presha akamgeukia Nyapara taratibu. "Ulikuwepo," akasema. "Nakumbuka. Ulikuwepo mezani."

Nyapara alimnyang'anya yule mkimya nyundo na kuishusha. Alikuwa amekilenga kichwa changu, nadhani, maana nilipokikwepesha, nyundo ilitua kwenye mkono wangu wa kushoto uliokuwa umeshika ukingo wa jiwe.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Vidole vitatu vikawa kitu kimoja. Sitawaeleza vilivyoonekana, kwa sababu baadhi yenu husoma safu hii mkinywa chai.

Nyapara akainua tena. Jiwe la dada likampata sikioni, jiwe la saizi ya ngumi, alilolirusha kwa mkono uliogonga kokoto tangu akiwa msichana. Nyapara akaanguka. Na baada ya hapo sijui nani alimpiga nani. Walioajiriwa na Nyapara waliruka upande wake, wenye kadi wakawarukia wao. Mitaimbo, mipini, mikanda. Niliona mtu anapigwa kwa ndoo mpaka ndoo ikachanika. Niliona yule mkimya ameketi juu ya mtu akimjaza vumbi la mawe mdomoni kwa viganja viwili, na uso wake haukuwa na chuki yoyote, alionekana kama yuko kazini.

Sitaki akanivuta shati. "Sukuma," akasema.

Nikasukuma mkokoteni kwa mkono mmoja na kifua. Nilipogeuka mara moja tu, nilimwona Shemeji amesimama katikati ya geti, mikono ameitanua, anawazuia watu wa Nyapara wasitufuate.

"Mwacheni mgonjwa apite," alikuwa anasema. "Jamani, mgonjwa apite."

Hospitalini tulifika mimi nikiwa natapika na Mama Pacha akiwa ameacha kulia, jambo ambalo lilimtisha Sitaki kuliko kilio. Pale mapokezi kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani imefungwa na uzi. Alituangalia wote watatu.

"Mgonjwa wenu ni yupi?" akauliza.

"Huyu," Sitaki akasema. "Nilikuja naye asubuhi. Mkasema kidole si chake. Mwenye kidole nimemleta."

Mama wa mapokezi hakushangaa. Akasukuma mashine mbele yangu. Nikapangusa kidole gumba kwenye suruali, kwa kuwa kilikuwa na damu na vumbi, nikakiweka juu ya kioo. Taa ikawaka kijani. Akatazama kompyuta yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kidole chako kimeniletea majina arobaini na moja."

"Ndiyo, mama."

"Nina simu hapa ya kumpigia polisi. Nina mgonjwa hapa anayekufa. Nianze na kipi?"

"Mgonjwa."

"Basi umebahatika kunikuta mimi." Akabonyeza jina la Mama Pacha. Wauguzi wawili wakaja na kitanda cha magurudumu wakamhamisha kutoka mkokotenini. Damu ilikuwa imelowesha gunia la juu lote. "Lakini sikiliza. Hiki kidole sasa kimefungwa mpaka huyu atakaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mtu mmoja hawezi kulala vitanda viwili, ndivyo mfumo unavyojua. Ukija na mwingine kesho, mashine haitamtambua."

Milango ya chumba cha upasuaji ikajifunga. Sitaki akabaki anaitazama.

Baada ya muda akaja akaketi karibu nami kwenye benchi. Nilijikunyata nikijua zamu yangu imerudi. Akanitazama mkono.

"Nitakutafutia maji," akasema. Akaongeza, akiwa anatazama sakafu, "Ulivyosema kwenye mkutano, kwamba kesho jirani atanilipia mimi. Nilikucheka. Na leo wako humo ndani wanamtibu, na sikuwa na kitu mfukoni. Kwa hiyo hukusema uongo wote."

Akainuka kwenda kutafuta bomba uani. Nilifarijika kuliko ninavyostahili. Nilikaa pale nikiwa na mkono uliosagika na ubavu uliovunjika, na kwa dakika chache nilijiona mtu mwema.

Honi ya lori ilipigwa nje mfululizo. Dada yangu akaingia akitembea kinyumenyume, ameshika miguu ya mumewe, na yule dereva wa lori ameshika mabega. Kichwa cha Shemeji kilikuwa kimefungwa gauni la mtu. Jicho moja lilikuwa wazi, jingine limezibwa na uvimbe, na sikioni majimaji yenye damu yalikuwa yanatoka.

"Mtaimbo," dada akasema. "Alipowageuzia mgongo. Hakuwapiga hata mmoja, alikuwa anawazuia tu."

Daktari kijana akaja akamulika lile jicho na tochi. Alisema damu inavuja ndani ya fuvu, wamtoboe sasa hivi, na kwamba jioni itakuwa kazi bure. Akauliza kadi. Dada akaitoa kifuani, imefungwa kwenye nailoni pamoja na risiti zote za Shemeji, kisha akanitazama.

Nikaweka kidole. Taa ikawaka nyekundu.

"Nilikwambia," mama wa mapokezi akasema.

"Mama, huyu atakufa."

"Naona. Sina ninaloweza kufanya na mashine. Atafungwa kidonda bure, hiyo ni haki ya kila mtu. Kupasuliwa ni kadi au amana."

"Hakuna njia nyingine?"

Alitazama upande wa mlango wa upasuaji, akatazama uani, kisha akainama karibu na dirisha lake dogo.

"Kuna kubatilisha. Unafuta kulazwa kwa yule wa kwanza, kidole kinafunguka. Kunataka kidole chako wewe. Kama daktari ameshampasua, hawawezi kumwacha wazi, watamaliza, ugomvi wa malipo utakuja baadaye. Kama bado, taarifa itatokea kwenye kompyuta yao mle ndani na watamtoa."

"Ameshaanza?"

"Ameingia robo saa. Wakati mwingine dawa ya usingizi huchelewa. Mimi sijui, na sitakushauri."

Dada alisikia kila neno. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa cha mumewe mapajani, na kiganja chake akikiweka chini ya sikio lile kukinga yanayotoka. Mtu huyu alinilea. Asubuhi ile alikuwa amesimama juu yangu na patasi ipo kwenye kiungo.

"Mdogo wangu," akasema.

Hakusema zaidi. Angeniambia fanya, ningepata wa kumlaumu. Angeniambia usifanye, vilevile.

Robo saa, nikajiambia. Robo saa ni muda mrefu. Madaktari wana haraka, mgonjwa alikuwa anavuja damu, hawawezi kuwa wamekaa tu. Nilijihesabia sababu moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzuri, kwa sababu mimi ni hodari wa sababu nzuri. Ndivyo nilivyoandikisha watu arobaini na mmoja.

Nikaweka kidole. Taa ikawaka kijani. Mama wa mapokezi akafumba macho kidogo, akabonyeza, na nikaweka tena. Kijani mara ya pili. Shemeji akapakiwa kitandani, dada akakimbia naye kwenye korido bila kugeuka nyuma.

Sitaki akarudi na maji kwenye chupa.

Hakuwa ameona chochote. Alipita damu ya Shemeji sakafuni akadhani ni yangu. Alipiga goti mbele ya benchi, akaumwagia mkono wangu wa kushoto maji taratibu, akitoa vumbi la mawe kwa ncha ya kidole chake laini kisicho na alama. Kisha akavua shati lake, akalichana mkono kwa meno.

"Nyapara atakuja kunijibu kwa hili," akasema. "Na mimi nilikuumiza leo, karani. Nisamehe. Nilikuwa naona giza."

"Usiniombe msamaha, Sitaki."

"Kwa nini nisikuombe? Mke wangu yuko mikononi mwa madaktari kwa ajili yako." Alianza kuvifunga vidole, kimoja na chenzake, kwa uangalifu wa mtu anayejua chuma kinavyovunjika. "Akitoka salama, nitakuja kukutengenezea mlango."

Nilitaka kumwambia. Naapa kwa kaburi la mama yangu, mdomo niliufungua. Nilikuwa nasubiri amalize kufunga.

Milango ya upasuaji ikasukumwa. Magurudumu ya kitanda yakalia. Sitaki akageuza shingo, na tabasamu lilikuwa linaanza usoni mwake, kwa sababu aliwahi kumwona mkewe akitolewa wodini kwa kitanda siku ya mapacha.

Mama Pacha alikuwa na gauni lake lilelile alilokuja nalo, halijakatwa wala kufunguliwa vifungo. Sindano ya dripu ilikuwa imechomolewa mkononi, pamebandikwa pamba. Alikuwa macho. Alikuwa anamtafuta mumewe kwa macho.

Muuguzi aliyesukuma kitanda alikuwa amekasirika, lakini si nasi.

"Mume wa huyu mama ni nani?" akauliza. "Mfumo umemfuta tukiwa tunanawa mikono. Daktari anataka kujua ni nani aliyebatilisha, kwa maana mgonjwa mwenyewe hajaweka kidole popote."

Mama wa mapokezi akainamisha kichwa kwenye karatasi zake.

Sitaki hakuinuka. Alibaki kwenye goti lake, ncha mbili za kitambaa mkononi, hajazifunga. Akamtazama mkewe, akatazama damu iliyokuwa sakafuni, akaifuata kwa macho hadi kwenye korido alikopita dada yangu. Kisha akauachia mkono wangu wa kushoto, akauchukua wa kulia.